Sababu ya Kukataliwa kwa Yvette

Katika ofisi ya madai ya matibabu iliyokuwa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi mjini Mbarara, hakukuwa na mtu aliyeiamini mashine kama Anatole. Na hilo liliwashangaza waliomfahamu, kwa maana Anatole hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa wepesi. Alikuwa mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Kabla ya vita alikuwa mhasibu mjini Uvira, na katika safari ya kutoka huko hadi kambi ya Nakivale alikuwa amepita mbele ya watu wengi wenye mihuri: askari wa vizuizi, makarani wa mipaka, na mchungaji mmoja aliyeuza barua za utambulisho. Safari hiyo ilimfundisha kwamba binadamu akipewa muhuri huanza mara moja kutafuta wa kumpendelea na wa kumkomoa. Mashine haikuwa na ndugu. Kwa Anatole, hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.

Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutenda. Mkimbizi ambaye ugonjwa wake uliishinda zahanati ya kambini alipewa rufaa kwenda katika hospitali binafsi ya mjini Mbarara iliyokuwa na mkataba na shirika lililohudumia wakimbizi; hospitali ilimtibu, kisha ikalidai shirika gharama. Zamani kila dai lilikuwa karatasi, na kila karatasi ilitembea kutoka meza hadi meza ikikusanya saini, ikilala katika droo ya yeyote ambaye siku hiyo alikuwa na msiba, malaria au kinyongo. Hospitali ilichoka kungoja. Ikatangaza kwamba haitampandisha mtu kwenye meza ya upasuaji bila namba ya idhini iliyotangulia. Ndipo shirika, mwaka 2013, likanunua mashine.

Waliiita mashine, ingawa kwa hakika ilikuwa programu tu ndani ya kompyuta ya rangi ya kijivu. Haikujua lolote kuhusu magonjwa hadi ilipofundishwa, na aliyeifundisha alikuwa Anatole. Yeye na vijana wa kupiga chapa waliingiza ndani yake madai yote ya zamani yaliyokuwa makabatini. Aliwakataza vijana wasisome majina ya wagonjwa. Majina, alisema, yanapoteza muda na kuamsha hisia, basi wafuate namba ya kadi ya mkimbizi na jina la ugonjwa. Kisha akaiandikia mashine kanuni. Kanuni iliyompa sifa hadi makao makuu ya Kampala ilitokana na hospitali moja, ambayo mkataba wake ulivunjwa baadaye, iliyodai malipo ya kumtoa mtu mmoja kidole tumbo mara mbili katika mwaka mmoja. Anatole aliandika: kiungo kilichokwisha kuondolewa mwilini hakitagharimiwa tena. Mashine iliishika kanuni hiyo kama mwanafunzi mtiifu, na madai ya uongo yakaanza kukauka.

Baada ya hapo aliandika waraka akipendekeza kwamba mkuu wa ofisi asiwe tena na uwezo wa kutengua uamuzi wa mashine. Alieleza kwamba maadamu kuna mahali pa kutia saini, kutakuwa na shemeji wa mtu atakayepitia hapo. Mkuu wa ofisi alikuwa Clare Kobusingye, binti wa sajini, aliyekulia katika kambi ya jeshi pale Mbarara na kujifunza huko Kiswahili kisichopoteza maneno. Aliusoma waraka huo akiwa amesimama.

"Na siku mashine ikikosea, Bwana Anatole?"

"Itawakosea wote sawasawa, madamu."

Clare akatia saini yake, na hiyo ikawa miongoni mwa saini zake za mwisho zenye nguvu.

Anatole aliishi Mbarara siku za kazi, na mwisho wa wiki alirudi Juru, upande mmoja wa kambi ya Nakivale, ambako mkewe Yvette alilima maharagwe na mahindi na kumlea mtoto wao, Elisée. Mwaka 2014 Yvette alikuwa na mimba ya pili, iliyochelewa kiasi cha kuwafanya wanawake wa kikundi cha sala waache kuiombea. Mimba ilikwenda vizuri hadi asubuhi ya siku ya kujifungua. Saa ya chai mkunga wa zahanati ya Juru alipiga simu ofisini. Mtoto alikuwa amelala kimshazari, mkono umetangulia. Hapo Juru hapakuwa na la kufanya. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka naye, na namba ya idhini iwe tayari hospitali kabla halijafika.

Juu ya meza ya Anatole lilikuwapo ombi lililotangulia, la mtu aliyevunjika paja. Aliliingiza kwanza. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo, na Clare, aliyeisikia simu ile, alifungua mdomo na kuufunga. Kisha Anatole akaandika namba ya kadi ya mkewe, aliyoijua kwa moyo, akaandika "upasuaji wa kumtoa mtoto", na kubonyeza.

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

IMEKATALIWA. SABABU: MGONJWA HANA KIZAZI. KILIONDOLEWA KWA UPASUAJI, 2011.

Anatole alisoma maneno hayo kama mtu anayesoma lugha aliyoisahau. Akaifuta namba, akaiandika upya, tarakimu baada ya tarakimu, akibonyeza kwa nguvu kana kwamba mashine ilikuwa na uziwi. Jibu lilikuwa lile lile.

"Namba imepatikana?" aliuliza Clare.

"Imekataa."

"Kwa sababu gani?"

Clare akaizunguka meza, akasoma mwenyewe, na miwani yake ikateremka hadi ncha ya pua.

"Bwana Anatole, huyu mke wako ana mimba kweli?"

"Ana mimba, madamu. Nina macho."

"Basi hii ni nini?"

"Kuna kijana amekosea kuandika. Nitamwona."

Lakini kila rekodi ilibeba herufi za aliyeiandika, na Anatole alipofungua rekodi ya mwaka 2011 aliziona herufi zake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika. Siku fulani, akifuata namba na jina la ugonjwa, bila kusoma jina la mtu kama alivyowafundisha wengine, alikuwa amemwondolea mkewe kizazi kwa vidole viwili na kuendelea na ukurasa uliofuata.

Clare alikwenda kabatini mwenyewe na kurudi na karatasi ya asili. Haikuwa na kasoro. Jina la Yvette, namba ya kadi ya Yvette, maelezo ya uvimbe na damu isiyokoma, saini ya daktari mpasuaji, alama ya dole gumba la mgonjwa. Mashine haikuwa imekosea hata nukta. Na hapo likatokea jambo ambalo Anatole hakulisimulia kwa mtu hadi miaka ilipopita: kwa muda mfupi alilitilia shaka tumbo la mkewe. Alilifikiria tumbo alilolishika Jumapili iliyopita, lililokuwa likicheza chini ya kiganja chake, na akajiuliza, kwa utaratibu wa kihasibu, kama lisingeweza kuwa kitu kingine. Aliposhtukia anachokifikiri, aliigeuza karatasi kifudifudi mezani.

Clare alipiga simu Kampala. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole mwingi. Ndiyo, inasikitisha. Hapana, hakuna anayeweza kutengua kutoka huko pia. Uwezo huo uliondolewa kufuatia waraka bora kabisa kutoka Mbarara yenyewe. Faili linaweza kufunguliwa upya na kupelekwa kwenye kamati, nayo kamati ilikuwa imekutana jana.

"Nimesema mtoto ametoa mkono," alisema Clare.

"Tumeelewa, madamu. Tuandikie hayo."

Clare alikata simu bila kuaga. Hospitali ya serikali isingemkataa Yvette, lakini Clare alipouliza huko aliambiwa kwamba chumba cha upasuaji kilikuwa na mama mmoja ndani na wengine mlangoni. Kulipa taslimu kwenye ile hospitali binafsi kulihitaji amana ambayo ofisi nzima isingeipata hata kwa kuuza viti vyake. Akamwambia Anatole ampigie dereva wa gari la wagonjwa, wajue wamefika wapi, naye akawasha spika ya simu ili wasikie wote.

Dereva alikuwa Naboth, koplo mstaafu ambaye bado aliendesha kana kwamba adui yuko nyuma yake.

"Halo, bwana ofisi!" alipaza sauti juu ya ngurumo ya injini. "Tumepita Kabingo. Bibi yako iko na maumivu mingi, lakini hii bibi ni mwanajeshi, hapigi kelele. Namba iko?"

"Hakuna namba. Mashine imekataa."

"Imekataa nini? Mtoto anatoa mkono, mashine inakataa? Banange! Muletee hiyo mashine hapa, mtoto aisalimie."

"Naboth, nipe Yvette."

"Hawezi kuongea, ssebo, anauma kitambaa. Nakupa hii mama mwingine, ile anaomba Mungu tangu Juru. Hata Mungu amechoka, na masikio yangu pia."

Mama huyo alikuwa Goretti, jirani yao, mjane aliyefuatana na Yvette ili amtunze hospitalini. Anatole alimfahamu kama mtu wa nyumbani. Shamba lake na la Yvette yalitenganishwa na mfereji tu.

"Papa Elisée," ilisema sauti yake. "Kuko nini?"

"Mama Goretti, mashine inasema Yvette hana kizazi. Inasema kilitolewa mwaka 2011. Mwulize, tafadhali, kama aliwahi kupasuliwa. Mwulize polepole."

Simu ilibeba mngurumo wa gari na mlio wa Yvette uliobanwa menoni. Goretti hakumwuliza Yvette lolote.

"Musisumbue ile mashini," alisema hatimaye. "Iko nasema kweli. Ile kizazi ni yangu."

"Unasema nini?"

"Ni yangu miye, Papa Elisée. Balinitolea hapo hapo Mbarara. Ile mwaka sikukuwa na carte, bakubwa balikuwa bado banasoma dosiye yangu ya ukimbizi. Damu ilikuwa inatoka kama bomba. Ningekufa mu shamba ya maharagi. Mama Elisée akanipa carte yake. Akanifunga na kitambaa yake ya kichwa, ili nifanane na foto."

Anatole aliikumbuka picha hiyo. Ilikuwa imefifia kiasi cha kuweza kuwa ya mwanamke yeyote aliyewahi kufunga kitambaa. Alikumbuka pia kwamba mwaka ule Goretti alisemekana kwenda Kabingo kuuza maharagwe, na kwamba alirudi akitembea ameinama, akalala wiki kadhaa nyumbani kwao, na Yvette akaeleza kwamba ni mgongo. Yeye, Anatole, aliyezoea kutafuta uongo katika karatasi za wageni, alikuwa amekula ugali mbele ya uongo huo, akampa pole ya mgongo.

"Na mimi nilikuwa wapi?" aliuliza, na sauti yake haikumfurahisha.

"Weye ulikuwa ku kazi, ku biro yako."

Katika Juru kadi iliazimwa kama jembe au chungu. Nyumba yenye kadi ilikuwa na deni la heshima kwa nyumba isiyo nayo, na hakuna aliyeliita jambo hilo kosa, kwa kuwa aliyeumwa alikuwa ameumwa kweli na dawa ilikuwa imemwingia yeye. Zamani za karatasi hapakuwa na madhara: jina lilitibiwa malaria, likatibiwa jipu, likasahauliwa. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kingekuja kitu kisichosahau, kitakachoiunganisha miili yote iliyopita chini ya jina moja na kudai kwamba ni mwili mmoja.

Clare aliisogelea simu.

"Mama, sasa una kadi yako mwenyewe?"

"Ee, madamu! Niko nayo hapa mu kifua."

"Sawa." Clare aligeuka. "Bwana Anatole, andika namba yake."

Anatole alielewa mara moja, na kwa sababu alielewa akabaki amekaa.

"Madamu, huyo mama amevuka hamsini. Kanuni ya umri wa uzazi itamkataa."

"Kadi yenyewe inasema ngapi?"

"Inasema makumi ine na moya!" Goretti alidakia. "Ule karani alikadiria. Alisema niko na sura ya mateso, si ya miaka. Akanipunguzia."

"Madamu, huku ni kughushi."

"Ndiyo," alisema Clare. "Imeanza 2011. Wewe unamalizia tu."

"Halo!" Naboth alipaza sauti kutoka usukani. "Nyinyi watu ya ofisi, mimi naona Mbarara hapa mbele! Nasimamisha gari ama napita?"

Goretti alianza kutaja namba, akizisoma kadini kwa sauti ya mtu anayesoma Injili kanisani. Vidole vya Anatole viliandika. Akili yake, kando, iliendelea kutoa pingamizi moja baada ya nyingine, zote sahihi. Barabarani palikuwa na mwanamke halisi mwenye mtoto halisi tumboni ambaye mashine ilimkataa kwa ushahidi kamili. Na sasa alikuwa akiipa mwanamke ambaye ndani yake hapakuwa tena na mahali pa kukaa mtoto. Akaandika "upasuaji wa kumtoa mtoto". Akabonyeza.

IMEKUBALIWA.

Namba ya idhini ikatokea chini yake kwa herufi za kijani. Mashine haikusita. Anatole aliitazama kama mtu anavyomtazama rafiki wa siku nyingi aliyemkuta akisema uongo bila kupepesa macho, kisha akakumbuka kwamba aliyesema uongo hakuwa mashine.

Alifika hospitali kwa bodaboda, wakati Yvette akishushwa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na alipomwona mumewe alifumba macho, jambo ambalo lingeweza kuwa uchungu au kitu kingine. Muuguzi alitoka mlangoni na karatasi.

"Goretti!" aliita. "Goretti ni nani?"

"Niko hapa!" alijibu Goretti kwa sauti kubwa, akasimama.

Muuguzi alimtazama mjane huyo kutoka kitambaa hadi ndala, akatafuta tumbo lake, asilione. Karatasi ilibaki hewani. Ni Naboth aliyepita katikati yao akisukuma machela.

"Sister, usijali huyo. Anaitikia ya mgonjwa. Hawa Bakongo iko hivyo, mmoja akiitwa, wote wanasimama. Goretti ni huyu ya kulala. Angalia mkono ya mtoto, wewe, achana na mkono ya karatasi!"

Muuguzi alitazama mkono wa mtoto. Baada ya hapo hapakuwa na maswali. Wakamfunga Yvette utepe mkononi wenye jina la Goretti, na milango ikafungwa nyuma yake.

Wakabaki barazani. Goretti aliomba kwa sauti, akajiombea yeye mwenyewe kwa jina, kwa kuwa alihofia kwamba mbinguni nako wangefuata utepe. Anatole hakuomba. Alikaa akiikodolea macho sakafu, na kila mlango ulipolia alisimama. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba hofu hupungua ukiigawa katika sehemu zake. Aliigawa, na kila sehemu ilikuwa kubwa kama ile nzima.

Mtoto alitolewa hai, wa kike, mkono wake umevimba na kuwa wa zambarau. Muuguzi alitoka naye, akawapita wote na kutangaza: "Mtoto wa Goretti!" Safari hii Goretti alikuwa amejifunza, alijiziba mdomo kwa kiganja. Lakini hapakuwa na mwingine wa kuitikia. Baba hakutajwa popote, kwa kuwa kadi ya Goretti ilisema mjane tangu 2009. Anatole alinyoosha mikono, na muuguzi akamwuliza kwa adabu yeye ni nani kwa mtoto huyo.

"Jirani," alisema Anatole.

Yvette alizinduka jioni. Anatole alikaa kwenye stuli kando ya kitanda. Alikuwa amekusudia kungoja hadi apate nguvu, akashindwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika," alisema Yvette.

"Nisingeandika."

"Ungeandika, Papa Elisée. Weye kila kintu unaandikaka." Aligeuza kichwa taratibu, midomo yake imekauka. "Bakuletee muntu anakufa, unauliza namba yake. Miye nilikuwa na carte, yeye hana. Yeye alikuwa anatoka damu, miye sitoki. Ni hesabu gani ingine ulikuwa unataka?"

Anatole aligundua kwamba mkewe alikuwa amekosea jambo moja tu. Yeye, Anatole, alikuwa ameandika kweli, tena bila kuambiwa.

Alidhani kwamba mambo yangeishia hapo. Lakini mashine ilikuwa imefundishwa kumaliza kazi yake yenyewe, bila kumsumbua mtu. Usiku huo huo, bila kuguswa, iliipelekea zahanati ya Juru taarifa kwamba kaya ya Goretti imeongezeka mtoto mmoja. Chandarua cha mtoto kililetwa kwa Goretti. Siku ya chanjo aliitwa Goretti. Mtoto, ambaye walimpa jina Gisèle, alipopata homa ya kitovu, Yvette alimbeba mbio hadi zahanati na kuambiwa kwamba mtoto huyo si wa kadi hiyo. Ilibidi mtu akimbie shambani kumwita Goretti, aje na mikono ya udongo kuthibitisha uzazi wake. Watu wa Juru walianza kumwita Goretti Mama Gisèle kwa utani, naye akaitikia. Yvette hakucheka. Kulikuwa na siku alimpakata mtoto na kumtazama kana kwamba mtu angeweza kuingia na risiti na kumchukua.

"Nataka mwanangu," alimwambia mumewe. "Sitaki kumuomba kwa muntu, hata kwa Goretti. Muandike yangu. Si unajua kuandika?"

Kusahihisha rekodi kulimaanisha kueleza, na kueleza kulimaanisha kadi zote mbili kufutwa, Goretti kushtakiwa kwa upasuaji wa 2011, Yvette kwa kumwazima, na mtoto kubaki bila kaya yoyote. Anatole aliipitia programu yake kwa siku kadhaa akitafuta mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuziba kwa ustadi. Hatimaye alikuta ukurasa mmoja ambao hakuwa ameugusa, uliokuja na programu kutoka Kampala: kumhamisha mtoto kutoka kaya moja kwenda kwa mlezi mwingine.

Walikwenda ofisini wote, Yvette akiwa na mtoto titini, Goretti amevaa kitenge cha ibada. Clare alifunga mlango na kukaa mbali na kompyuta, kama mtu anayekaa mbali na moto ambao hakuuwasha. Mashine ilitaka sababu ya uhamisho, nayo ilitoa tatu za kuchagua.

"Mama mzazi amefariki," alisoma Anatole.

"Sijakufa," alisema Goretti.

"Mama mzazi amemtelekeza mtoto."

"Ee! Miye nitupe mtoto? Niliyemuzaa kwa taabu ile?" Alimgeukia Yvette. "Mama Elisée, nikupe mwanangu bure? Hata kuku moya?"

"Nyamaza, weye," alisema Yvette, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali pembe za mdomo wake zililegea.

Anatole alisoma sababu ya tatu kimya. Alirudi mwanzo wa mstari akaisoma tena. Kisha akaichagua, akaandika namba ya kadi ya mkewe katika nafasi ya mlezi, na kumwita Goretti aweke dole gumba la ridhaa.

Alitarajia kamati, uchunguzi, au angalau swali moja. Mashine ilikwenda yenyewe katika kumbukumbu zake, ikapata ushahidi iliouhitaji, ukiwa na saini ya daktari mpasuaji, na kurudi.

IMEKUBALIWA. SABABU: MLEZI HANA KIZAZI.

"Inasema nini?" aliuliza Yvette.

Anatole alimsomea. Clare aliinamisha kichwa, akaishika miwani yake kwa mikono miwili. Yvette alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya, akautazama uso wa mumewe, na akangoja, kwa kuwa alidhani kulikuwa na maneno mengine.

Yalikuwapo. Chini kabisa mashine ilikuwa imeongeza, bila kuombwa, posho ya maziwa ya kopo kwa mtoto, kwa maelezo kwamba mlezi hana uwezo wa kunyonyesha.

"Ni wangu sasa?" aliuliza Yvette.

"Ni wako wa kulea," alisema Anatole.

Kichapishi kilianza kutoa karatasi. Anatole aliendelea kukitazama kioo akingoja kitu cha kumshtua zaidi, lakini mashine haikuwa na la ziada la kusema juu yao. Ilikuwa imekwisha kuita ombi linalofuata.